Nataka harusi yangu ichangie watoto wa selimundu, kamati inasema nitatia aibu ukoo

Shikamoo Mama,

Naomba unijibu kabla ya kikao cha Jumapili ijayo, maana naona nitagombana na watu ambao bado nawahitaji.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Tabata, na nafunga ndoa wiki saba kutoka sasa. Kwetu ni Mwanza. Tulizaliwa watano, tumebaki wanne. Aliyenifuata alikuwa wa kiume na alikuwa na selimundu, au sikoseli kama mtaani wanavyoita. Alifariki akiwa darasa la sita. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na ndiye niliyekuwa nikimpokea mama zamu ya kulala naye wodini. Nakumbuka tulivyokuwa tukisubiri damu. Nakumbuka baba alivyouza pikipiki. Tangu siku zile nilijiapiza kwamba nikiolewa, harusi yangu lazima iwaachie kitu watoto kama yeye.

Harusi yenyewe ni ya kawaida ya siku hizi. Bajeti ya kamati ni milioni 28, wageni 300, ukumbi uko Sinza. Ahadi zimefika milioni 19 na zilizolipwa ni milioni 11 na ushee. Mwenyekiti ni baba mdogo. Kadi za mchango zilisambazwa zamani.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Tuweke sanduku mlangoni, karibu na meza ya kuhakiki kadi, lenye jina la mdogo wangu. Kabla ya chakula, kijana wa projekta arushe video fupi ya watoto waliolazwa. Halafu MC apige mnada keki mbili ndogo, kama tunavyonadi kuku na mikungu ya ndizi kanisani baada ya misa. Rafiki yangu ana taasisi inayosaidia wagonjwa, ana wafuasi wengi Instagram, na amekubali fedha zote zipitie kwenye namba yake ya simu, kisha yeye atazifikisha.

Nilipolipeleka kikaoni, baba mdogo alisema, "Watu wamechanga, leo unataka tuwakabe tena mlangoni?" Mweka hazina akacheka. Shangazi akasema tulifikirie baada ya harusi. Mama yangu alikaa kimya. Aliyenimaliza nguvu ni mama mkwe mtarajiwa. Alinipigia usiku, kwa upole kabisa, akasema harusi si msiba, na akaniuliza kwa nini nitangaze mbele ya watu 300 kwamba kwetu kuna ugonjwa wa damu. Eti watu watasema mwanawe ameoa ukoo wenye maradhi. Mchumba wangu yuko upande wangu, ila hataki tumuudhi mama yake, na anasema zawadi tutakazopata tumalizie kiwanja chetu cha Chanika.

Mama, nimekereka. Maua ya laki saba yatakayotupwa Jumapili asubuhi hakuna aliyeyahoji. Watoto wakitajwa, kila mtu anakuwa mchumi. Je, nishikilie msimamo wangu? Nikiongea na MC pembeni bila kamati nitakuwa nimekosea? Na mama mkwe nimjibu nini?

Bibi harusi mtarajiwa,
Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mdogo wako.

La MC nalijibu kwanza kwa kuwa ndilo lenye haraka: usimwendee. MC anaajiriwa na kamati na ratiba yake inapitishwa na kamati. Akitamka ukumbini jambo ambalo mwenyekiti hakulijua, baba yako mdogo ataaibika mbele ya wageni aliowaalika mwenyewe, na aibu hiyo hatailipa MC. Utailipa wewe, miaka mingi, kila utakapokuwa na shida ya kikao.

Sasa tuje kwenye fedha. Barua yako inasomeka kana kwamba wanakamati ni watu wenye roho ngumu, na mimi sioni hivyo. Mchango wa harusi kwetu si zawadi. Ni deni linalozunguka. Nina hakika mama yako ana daftari mahali fulani limeandikwa nani alitoa ngapi: elfu hamsini ya harusi ya binti wa jirani, laki ya msiba wa babu, elfu thelathini ambayo mtu aliahidi mpaka leo hajaleta. Katika hao wanaokuchangia, wengine wanarudisha walichopewa na wazazi wako, na wengine wanaweka ili zamu ya watoto wao ikifika wasiachwe peke yao. Kadi ilisema fedha ni za kufanikisha harusi ya binti wa fulani, nao wametoa kwa maneno hayo. Ukiihamisha hata shilingi moja kwenda kwenye jambo jingine, hata liwe jema kuliko pilau, umebadilisha makubaliano ya watu ambao hawamo kikaoni.

Ndiyo maana hata maua unayoyachukia hayakusaidii. Mwambie mpambaji apunguze, sawa, mimi mwenyewe sijawahi kuona mgeni aliyesusa harusi kwa sababu ya maua machache. Lakini hiyo laki saba ikiokolewa hairudi mfukoni mwako ukaitolee sadaka. Inarudi kwenye pengo la kamati.

Na pengo lenyewe umelitazama? Bajeti milioni 28, mkononi milioni 11 na ushee, wiki saba. Kila aliyewahi kuwa mweka hazina anajua ahadi zilivyo: nyingi hulipwa wiki ya mwisho, nyingine siku yenyewe mlangoni, na nyingine mtu anakuja na maelezo tu. Baba yako mdogo ndiye atakayepigiwa simu na mwenye ukumbi, ndiye atakayebanwa na mpishi anayetaka malipo ya awali. Mtu aliye kwenye hali hiyo ukimwambia habari ya sanduku mlangoni, anachosikia ni kwamba yule anayedaiwa elfu hamsini atatumbukiza elfu kumi kwenye sanduku la watoto, aingie ndani kifua mbele. Hajakosea sana.

Mfikirie na mgeni. Amelipa mchango. Kama ni mwanamke wa karibu amelipa na wa kitchen party, na wa send-off, na sare ameshona. Ana bahasha ya zawadi. Ana nauli, au ana mafuta ya gari la kukopa. Anafika mlangoni anahakikiwa kadi, na hapo hapo kuna sanduku lenye jina la marehemu na watu wamesimama nyuma yake wanamtazama. Atatoa, lakini si kwa moyo ule unaoutaka wewe.

Mnada nao una mahali pake. Kanisani unafanya kazi kwa sababu walionunua kuku Jumapili hii wataonana tena Jumapili ijayo, hivyo aliyetaja elfu ishirini ataileta. Ukumbini saa nne usiku, baada ya bia ya tatu, shemeji mmoja atataja laki tano kwa keki, watu watashangilia, MC atamsifia, na Jumatatu simu yake haipatikani. Tena keki za harusi zina wenyewe, ni za wazazi wa pande mbili. Usiziguse.

Nasema haya kwa ajili yako na wiki zako saba. Wale mnaosoma mkiwa mbali na harusi, nafasi mnayo. Siku ya kikao cha kwanza, kabla kadi haijachapwa, omba kamati iweke kifungu cha hisani kwenye bajeti kama ilivyoweka cha usafiri na cha picha, kisha kadi itaje wazi kwamba sehemu ya mchango itakwenda mahali fulani. Atakayetoa atakuwa ametoa akijua, na asiyetaka atakuwa na uhuru wake. Wapo watakaonuna. Lakini ni manung'uniko ya mezani, si ya mlangoni. Wala wazo la kumkumbuka asiyealikwa halikuanza jana. Waislamu wana hadithi ya Mtume isemayo chakula kibaya kabisa ni cha walima, yaani karamu ya harusi, wanakoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Sisi wa kamati na kadi za single na double ingefaa tuisikie mara kwa mara.

Narudi kwako, mwanangu, kwenye jambo lililonisumbua kuliko sanduku. Umeandika barua ndefu, na mama yako yumo kwa maneno manne: "Mama yangu alikaa kimya." Keki imepata zaidi.

Yeye ndiye aliyemzaa huyo mtoto. Wewe ulikuwa unampokea zamu, yeye ndiye alikuwa na zamu. Siku ya harusi yako atakuwa mbele kabisa, amependeza, ametazamwa tangu asubuhi, labda kwa mara ya kwanza miaka mingi anacheka bila kujizuia. Halafu taa zizimwe, na kwenye ukuta watokee watoto wenye dripu mikononi. Umemuuliza kama anataka? Ukimya wake kikaoni unaweza kuwa ndiyo, unaweza kuwa hapana, unaweza pia kuwa mama anayejizuia kulia mbele ya mashemeji. Nenda nyumbani kwake, msiwe na shangazi wala simu, mkae jikoni. Muulize angependa mtoto wake akumbukwe vipi siku hiyo. Huenda akataka jina lake litajwe kwenye maombi ya marehemu katika misa ya ndoa, basi, inatosha. Ongea na paroko mapema, ni jambo dogo. Huenda akasema anataka sanduku, na hapo utakuwa na mtetezi ambaye baba mdogo hawezi kumjibu vibaya. Lakini uamuzi huu si wako kabla haujawa wake.

La pili halimo kabisa kwenye barua, na nilisoma mara mbili nikilitafuta. Wewe na mwenzio mmepima?

Mdogo wako alikuwa na selimundu, maana yake alirithi chembe moja ya urithi ya ugonjwa huu kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wako wote wawili ni wabebaji, wanaoandikwa AS, na mbebaji kwa kawaida haumwi. Wewe ni mzima, huna ugonjwa. Kwa hesabu za urithi, mtu asiye na ugonjwa mwenye ndugu kama wako ana uwezekano wa mbili katika tatu wa kuwa mbebaji. Hiyo si bahati mbaya ndogo ya kupuuza, ndiyo hali inayotarajiwa. Kama mwenzio hana, watoto wenu hawatakuwa na ugonjwa, ingawa wengine wanaweza kubeba kama wewe. Kama naye ni AS, kila mimba, siyo ya kwanza tu, kila mimba, ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye selimundu. Watu hukosea hapo. Wanadhani mmoja akishazaliwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wako salama.

Kipimo ni cha damu, kinaangalia aina za himoglobini, na hospitali kubwa wanacho. Wachumba wengi mnapima VVU kabla ya ndoa kwa sababu mmehimizwa, lakini hiki hakuna anayewakumbusha. Nendeni pamoja, wiki hii au ijayo. Sikuambii majibu yakiwa mabaya uvunje uchumba. Wapo wanaoendelea wakijua, wakajipanga kumpima mtoto mapema na kumwanzishia kliniki akiwa mchanga, na wapo wanaoamua vingine. Mtasikilizana na mshauri wa hospitali. Ila usisimame mbele ya watu 300 kuwaeleza habari za selimundu huku hujui chako.

Na hapo ndipo jibu la mama mkwe lilipo. Woga wake haukutoka hewani. Mtoto wa selimundu akizaliwa, mara nyingi anayeambiwa ana damu mbaya ni mwanamke, na ukoo wa mwanamke, wakati ugonjwa huu hauwezi kutokea bila baba naye kutoa nusu yake. Tena ubebaji umeenea kwetu, Kanda ya Ziwa hasa na Pwani, kwa sababu chembe hiyo moja inamkinga mtoto kiasi fulani na malaria kali. Ilibaki katika damu zetu kwa kuwa ilisaidia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 11,000 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo ukoo wa mumeo unaweza kuwa nao bila mtu kujua.

Lakini hayo yote wewe usimwambie. Ukimpa mama mkwe somo la urithi kwa simu usiku, wiki saba kabla ya ndoa, utashinda hoja na kupoteza mama. Mwambie tu, "Nimekusikia mama, nitalifikiria," kwa heshima ile ile aliyokupigia nayo. Maneno mengine ni ya mwanawe. Kwamba yuko upande wako lakini hataki kumuudhi mama yake, hiyo ni nusu ya upande. Yeye ndiye wa kwenda nyumbani kwao, akae na mama yake, amweleze kwamba mmekwenda kupima wote wawili na kwa nini. Mkiingia kwenye ndoa na kila jambo gumu la kwao unatumwa wewe, hicho kiwanja cha Chanika hakitawasaidia kulala vizuri.

Basi kitu gani ni chenu cha kutoa? Zawadi. Kile mnachopewa ukumbini kwenye bahasha ni chenu, hakidaiwi na kamati. Kaeni wawili, kabla ya harusi, mkubaliane sehemu. Sitakupangia. Kiwanja nacho si dhambi, watoto wenu watahitaji mahali pa kulala. Hata kama ni laki tatu, ni laki tatu ambazo hakuna atakayesema amekabwa. Mkishazitoa, ndipo mwandike ujumbe wa shukrani kwenye kundi la kamati na kuweka stakabadhi, mseme sehemu ya zawadi zenu imekwenda kwa watoto wa selimundu kwa kumbukumbu ya mdogo wako. Hapo jina lake litasomwa na watu wote 300, na hakuna aliyelazimika kufungua pochi.

Kuna na kuvunja kamati. Sherehe hii ndogo baada ya harusi, ya nyama choma na vinywaji, ambapo wanakamati wanajipongeza kwa fedha iliyosalia. Mara nyingi hakuna iliyosalia, wanachangishana upya ili wanywe. Ukimtafuta baba mdogo wiki moja baada ya harusi, madeni yameisha na usingizi umerudi, ukamwomba mwaka huu kuvunja kamati iwe soda na maharage na tofauti yake iende hospitali, atakuwa mtu mwingine kabisa. Shangazi yako aliposema mlifikirie baada ya harusi huenda alikuwa na akili kuliko ulivyodhani.

Lipo jingine ambalo halihitaji hata senti ya mtu. Ulisema unakumbuka mlivyokuwa mkisubiri damu. Watoto wa selimundu wanaishiwa damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama wana vituo vyao, na timu zao hutoka kwenda makanisani, misikitini na vyuoni zikiitwa. Ongea nao, uwaombe marafiki zako na vijana wa pande zote mbili wajitokeze Jumamosi moja kabla au baada ya harusi. Anayetoa awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwenye afya. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Usifanye siku ya harusi wala ukumbini, kwenye vinywaji na viatu virefu. Na wewe mwenyewe usitoe wiki ya harusi, kuna kuzunguka kwingi. Baba mdogo hili hawezi kulikataa. Nasikia hata wazee wasiotoa mchango hutoa damu, ingawa wakimaliza wanataka soda mbili.

Ukishapata fedha, peleka mahali zinapojibu tatizo. Hospitali zetu za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda pale, ukiwa na kiasi chako kichwani, uulize afisa: kwenye kliniki ya selimundu, wazazi wanakwama wapi? Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa hawa kwa kliniki na utafiti tangu 2004, wanajua. Huenda wakakwambia ni nauli za kuhudhuria kliniki, huenda ni vipimo, huenda ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku. Utafiti uliofanyika kwa watoto wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019 ulionesha waliotumia dawa hiyo walipungukiwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo. Ila ni dawa ya kila siku na ya kufuatiliwa kwa vipimo vya damu, kwa hiyo usimlipie mtoto mmoja mwezi mmoja ukaondoka. Afadhali ulipie watoto wachache kwa muda wa kueleweka kuliko wengi kwa wiki mbili. Kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kunakofanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, ni gharama ya kiwango kingine, harusi moja haifiki huko. Usijitie unyonge kwa hilo.

Malipo yafanyeni kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontro namba, kwa jina la mgonjwa au huduma, na mchukue risiti. Rafiki yako wa Instagram simjui na simtuhumu. Lakini fedha ya hisani haipiti kwenye simu binafsi ya mtu, hata simu yangu. Kama taasisi yake imesajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali atakuwa na cheti na akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Muombe avioneshe. Akikasirika umeshapata jibu. Urafiki wenu utabaki salama zaidi akija kama mgeni, akala, akacheza.

Video achana nayo, mama yako akubali asikubali. Wale ni watoto wa watu, wako wodini, na mzazi aliyesaini fomu akiwa na mgonjwa kitandani hajakubali mwanawe aoneshwe kati ya kukata keki na kufungua shampeni. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtoto ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Kijana wa projekta kama alishaanza kazi mlipe sehemu yake, umwambie atumie muda huo kuweka picha zenu za utotoni, mlivyokuwa watano.